Shanga Nyeusi

Shanga za kiunoni zina lugha yake. Bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa kungwi pale Ngamiani, Tanga, alinifundisha herufi zake mbili. Nyekundu: nimo hedhini, tulale salama. Nyeupe: nimetoharika, karibu. Mke hutundika shanga kitandani, mume huziona, na hakuna anayelazimika kufungua kinywa. Niliolewa mwaka 1975 nikiwa na miaka 20, mwanafunzi wa uuguzi, shanga zangu zimelala ndani ya kijaluba. Haukupita mwezi nikajua kwamba nina jambo ambalo lugha ile haiwezi kulisema. Nilikuwa msafi, nilimpenda mume wangu, nilimtaka. Lakini kila tulipokutana kitu kilinichoma ndani kabisa, upande wa mgongoni, kama jino bovu lililoguswa na maji baridi, na maumivu yale yalikaa nami hadi alasiri ya siku ya pili.

Sasa nimestaafu, na swali ninalo hadi leo. Mila iliyojua kumfunza mwali kuoga, kupika, kuzungusha kiuno na kuzungumza na mume kwa macho, ilikosaje neno la mke anayeumia? Nimelitafuta jibu katika kazi ya Bibi yenyewe: ilitoka wapi, ilijua nini, na ilisimamia wapi.

Bibi hakuujua mwaka aliozaliwa. Alichojua ni kwamba Waingereza waliposhuka Tanga, Wajerumani wakawapiga na nyuki wakawatimua hadi baharini, yeye alikuwa anaweza kubeba kibuyu kidogo cha maji kichwani. Hiyo ilikuwa Novemba 1914. Alivunja ungo miaka michache baadaye, Waingereza wakiwa wamekwisha kurudi na kuichukua nchi, akatiwa ndani. Kungwi wake alikuwa mwanamke wa Kiyao aliyefikishwa Pangani angali mtoto, kwenye mashamba ya miwa ya kandokando ya mto. "Alinunuliwa," Bibi alikuwa akisema, na hakupunguza sauti.

Neno hilo ndilo mlango wa habari hii. Watu wa pwani hupenda kuuita unyago mila ya wenyewe, lakini ngoma nyingi zinazopigwa kwenye unyago wa pwani na wa Unguja zilikuja na watu wa bara, Wayao, Wanyasa, Wamakonde, na wengi wao hawakuja kwa hiari. Muungwana aliona haya kuzungumza na bintiye mambo ya chumbani. Mjakazi hakuonewa haya. Basi mwanamke ambaye sheria haikumpa haki juu ya mwili wake mwenyewe ndiye aliyepewa kazi ya kumfundisha binti wa bwana mwili ni kitu gani. Unguja utumwa ulipoteza nguvu ya sheria mwaka 1897, Tanganyika ukafutwa mwaka 1922. Kungwi wa Bibi aliiona siku hiyo. Aliendelea kufunza wali kama kawaida, ila sasa kanga na fedha za ada zilikuwa zake.

Baadaye mkonge ukaongeza mambo. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, na mashamba yalipotanda kutoka Tanga hadi Korogwe, manamba wakaja kutoka kusini na magharibi, wengine na wake zao. Kila kambi ikawa na ngoma yake. Bibi, aliyekwisha kupokea kazi, alikuwa akipanda lori kwenda makambini kucheza na makungwi wa huko, akirudi na dawa na nyimbo mpya. Kwa hiyo kazi yake haikuwa urithi uliofungwa kwenye sanduku. Ilikuwa elimu iliyokusanywa njiani, na waliofika nayo wengi wao walikuwa wameteswa.

Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo ameeleza habari za unyago na za harusi katika Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokitoa Carl Velten mwaka 1903: mwali anavyowekwa, kungwi anavyomshika, fungate inavyokwenda. Ya baada ya mlango kufungwa niliyapata kwa Bibi, tukichambua mchele.

Usiku wa kwanza kungwi hakwenda kwake kulala. Alikuwa chumba cha pili, sikio ukutani. Mafuta ya nazi aliyaacha kwenye kikombe mvunguni. Bwana harusi aliagizwa na nyakanga wake tangu jandoni kwamba mlango wa nyumba hubishwa hodi. Mwali akilia kilio cha woga, kungwi alikohoa. Akizidi kulia, kungwi aliingia, akamtoa bwana nje na kumwambia, "Leo bado." Usiku wa tatu, wa nne, hakuna aliyehesabu, kwa sababu fungate ni siku 7 na ziliwekwa makusudi. Bwana asiyeweza kusubiri aliitwa mlafi, na jina hilo lilimfuata hadi uzeeni. Nimesoma uuguzi miaka mingi, na sijaona somo la hospitali linalomshinda Bibi hapo: aliujua woga unavyoukaza mwili, alijua kwamba mwili uliokazwa huumia, na alijua kwamba dawa yake ni muda na mafuta.

Lakini asubuhi ilikuwepo, na kisarawanda kilikuwepo. Kitambaa cheupe kikitoka na damu, vigelegele vilipanda hadi barabara ya pili, na mama wa binti alikalia kiti cha mbele. Maumivu ya siku ile yalikuwa heshima ya ukoo. Mwali aliambiwa: utaumia, vumilia, itapita. Kwa wengi ilipita. Kwa ambaye haikupita, agizo lilibaki lilelile na muda wake haukutajwa. Maumivu ya usiku wa kwanza yalipigiwa vigelegele. Ya usiku wa mia hayakuwa na mahali pa kwenda.

Isipokuwa mahali pawili. Pa kwanza paliitwa chango. Mwanamke anayepinda kwa tumbo la hedhi, anayechomwa kiunoni, asiyeshika mimba, aliambiwa ana chango la uzazi: kitu kinachotambaa tumboni, kinachofunga mirija, kinachoamka mwezi ukiandama. Alipewa mizizi ya kuchemsha, akakandwa, akapigwa chuku. Nikiwa mwanafunzi wa uuguzi nililicheka neno hili. Sasa silicheki. Katika endometriosisi, vipande vinavyofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake, kwenye ovari, kwenye mirija, kwenye mishipa inayoushika mji wa mimba kwa nyuma. Mwezi ukifika navyo huvimba na kuvuja, huacha makovu yanayogandisha kiungo kwenye kiungo, na tendo la ndoa likigusa pale, mtu huona nyota. Kitu kinachotambaa, kinachofunga, kinachoamka na mwezi: waliokitunga kile kisa cha chango walikuwa wamesikiliza wanawake vizuri sana. Walichokosa ni jicho la kuona ndani.

Pa pili ni jini mahaba. Mke anayemkwepa mumewe kitandani ana mume mwingine asiyeonekana, mwenye wivu. Hapo huitwa maalimu, hufukizwa ubani, huandikwa kombe kwa zafarani na kunywewa. Sipendi kumdharau aliyepitia huko, kwa sababu jini lilimpa mke kitu kimoja cha thamani: lawama iliondoka kwake. Mume aliambiwa asubiri. Wiki kadhaa za mafusho zilikuwa wiki za kupumzika. Ila jini likishapewa jina, hakuna tena aliyeuliza, "Panauma wapi?"

Na yako mambo yaliyoongeza ubaya. Wapo makungwi waliofundisha kutumia shabu ili uke ukaze na ukauke, eti mume aone raha. Nimewaona wanawake wamechubuka kwa shabu juu ya ugonjwa waliokuwa nao. Bibi aliikataa. Alisema shimo la kinu halikaushwi kwa moto. Wenziwe waliiuza.

Msomaji asidhani kwamba wenye hospitali walikuwa na masikio. Huko Montgomery, Alabama, kati ya mwaka 1845 na 1849, daktari J. Marion Sims alikuwa akiwapasua wanawake watumwa akitafuta njia ya kuziba fistula. Majina matatu yamebaki: Anarcha, Lucy, Betsey. Anarcha alipasuliwa karibu mara 30, bila dawa ya usingizi. Sims huyohuyo, akiwa London mwaka 1861, ndiye aliyeupa ugonjwa wa uke unaojikaza jina la vajinismasi. Na katika kitabu chake cha mwaka 1866 anasimulia habari ya mke wa watu aliyekuwa akinusishwa etha na daktari nyumbani kwake, alale, ili mumewe aweze kumwingilia. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka yule Myao wa Pangani. Huko Alabama na huku kwetu, elimu ya mwili wa mwanamke mwenye nafasi ilitoka kwa mwanamke aliyenunuliwa. Tofauti ni kwamba wa kwetu aliruhusiwa kuwa mwalimu, na alipofundisha, alimtoa bwana nje badala ya kumlaza bibi.

Jicho la kuona ndani lilikuja taratibu. Mwaka 1860 Karl von Rokitansky wa Vienna alieleza vipande vya utando wa mji wa mimba alivyovikuta mahali visipostahili kuwepo. Mwaka 1921 John Sampson wa Albany, New York, aliandika juu ya uvimbe wa ovari uliojaa damu nzito nyeusi kama chokoleti, na baada ya miaka michache akaupa ugonjwa jina linalotumika hadi leo, pamoja na maelezo kwamba damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija na kumwagikia tumboni. Sampson akiandika, Bibi alikuwa mwali ndani ya chumba cha makuti Ngamiani. Karatasi zile hazikumfikia, wala hazikunifikia mimi kwa wakati, ingawa niliishi ndani ya hospitali.

Nirudi kwangu. Mwaka wa kwanza niliuma meno. Mwaka wa pili sikuwa na mimba, na mama mkwe akaanza kuniletea chupa za dawa ya chango, moja baada ya nyingine, kwa nia njema. Mwaka wa tatu wifi yangu akataja jini. Nilimwona daktari mmoja, ambaye jina la hospitali yake silitaji. Hakuinua uso kwenye karatasi. Aliuliza hedhi, aliuliza mimba, aliuliza choo. Nilipomwambia kwamba naumia nikikutana na mume wangu, aliandika kitu kifupi na kusema, "Ukizaa litakwisha." Mtu nisiyeweza kuzaa kwa sababu ya ugonjwa niliagizwa nizae ili ugonjwa upone.

Neno la talaka lilikuwa limeanza kunusa mlangoni. Kwenye vitabu vya fikihi ya Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya pwani, Minhaj ya Imam Nawawi ikiwamo, zimetajwa kasoro za mwili zinazoweza kuvunja ndoa, na mbili kati yake ni ratki na karni, yaani njia iliyozibwa na nyama au mfupa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo ilitambua ndoa inayoweza kutenguliwa kwa sababu mmoja hakuweza tendo tangu mwanzo. Mimi sikuwa na ratki wala karni, na tendo niliweza. Niliweza nikilia. Kwa hilo sikukuta kifungu. Lakini maalimu mmoja mzee, ambaye Bibi alimwendea kwa siri bila kutaja mtu, alimjibu kwamba wajibu wa mke umefungwa kwa uwezo wa mwili wake, na mgonjwa anayedhurika ana udhuru, chakula na nguo yake palepale. Jibu hilo lilikuwamo vitabuni karne kwa karne. Hakuna aliyelifikisha chumbani.

Bibi alijuaje? Nilimwambia mwenyewe, mwaka 1979, siku ya pili ya Idi Kubwa, nikimsuka. Nilikuwa nyuma yake, sioni uso wake, na hiyo ndiyo iliyonipa ujasiri. Nilisema, "Bibi, miaka minne, na kila mara naumia." Alikaa kimya hadi nikamaliza mstari mzima wa nywele. Kisha akasema neno ambalo sikulitarajia kutoka kwa kungwi: "Wako waliokuja kuniambia hivyo. Niliwajibu wavumilie." Akawataja kwa mitaa yao, mmoja wa Barabara ya Kumi na Mbili, mmoja wa Chumbageni, mmoja aliyeachwa akarudi kwao Pangani. Hakulia. Aliwahesabu tu.

Wiki ile akanitungia shanga ya tatu, nyeusi. "Hii," alisema, "ni kwamba nimo, nakupenda, na leo hapana." Halafu akafanya lililokuwa zito zaidi kwake. Alimwendea mzee aliyekuwa nyakanga wa mume wangu, wakazungumza barazani wazee wawili, na yule mzee akamwita kijana wake. Sijui aliambiwa nini. Najua kwamba alirudi nyumbani akakaa ukingoni mwa kitanda, akaniuliza, kwa mara ya kwanza tangu ndoa, "Panauma wapi?"

Kuanzia hapo tulijifunza wenyewe. Tuligundua kwamba wiki inayofuata hedhi ina nafuu, na siku mbili tatu kabla yake hakuna nafuu yoyote. Tuligundua kulala ubavu. Tuligundua kwamba usukani nikiushika mimi, mtumbwi haugongi mwamba. Chupa ya maji ya moto juu ya kinena kabla na baada, mafuta ya nazi ya Bibi, na usiku mwingi wa kukumbatiana bila kwenda popote, ambao nao ni tendo la ndoa, kwa hesabu yangu. (Ninyi mnaotumia kondomu, mafuta yaacheni, huyapasua mapira. Tumieni vilainishi vya maji.) Shanga nyeusi ilitundikwa mara nyingi. Haikuvunja ndoa. Iliyokuwa ikiivunja ni kutokuwepo kwake.

Jina la ugonjwa lilikuja mwaka 1986. Nilipasuliwa kwa uvimbe wa ovari, na daktari mpasuaji, mwanamke, alinionyesha alichokitoa: damu nyeusi, nzito kama molasi ya miwa. Nilikuwa na miaka 31. Alinipa vidonge vya homoni vya kumeza mfululizo bila kupumzika. Nilivitambua mara moja, kwa sababu vilikuwa ndugu wa vile nilivyokuwa nikiwagawia wanawake wengine kliniki. Huko Marekani kidonge cha kwanza cha jamii hiyo kiliidhinishwa mwaka 1957 kwa matatizo ya hedhi, na kwa uzazi wa mpango mwaka 1960 tu, na mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950 Robert Kistner wa Boston alikuwa akitibu endometriosisi kwa homoni za namna hiyo. Yaani dawa yangu ilikuwa mikononi mwangu miaka yote, ndani ya kabati ambalo ufunguo wake nilikuwa nao mimi. Hakuna aliyeuliza swali ambalo lingelifungua.

Bibi alifariki mwaka 1991. Unyago wa Ngamiani ulikuwa umekwisha kupungua. Shule zilichukua miezi ya kuwekwa ndani, na mijini ikaingia kichenipati, mwali akifunzwa jioni moja ukumbini kati ya sufuria za zawadi na muziki wa kukodi. Nimealikwa kuzungumza kwenye kadhaa. Mafunzo ya kumpendeza mume yapo tele. Kungwi wa kukohoa ukutani hayupo, na sherehe ikiisha saa 6 usiku hakuna wa kumrudia mwezi wa tatu. Wala sisemi turudi kwenye kisarawanda. Nasema tu kwamba tulipoibomoa nyumba ile tulibomoa na dirisha lake.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba endometriosisi inawasumbua wanawake na wasichana wapatao milioni 190, karibu asilimia 10 ya walio katika umri wa kuzaa. Ongeza uvimbe wa mji wa mimba, maambukizi ya nyonga yasiyotibiwa, makovu ya kukeketwa, ukavu wa waliokoma hedhi. Miaka yote niliyokaa kliniki, kadi yetu ya uzazi wa mpango ilikuwa na nafasi ya shinikizo la damu, uzito, idadi ya watoto, hedhi ya mwisho. Nafasi ya "Je, unaumia ukikutana na mumeo?" haikuwepo. Baada ya mwaka 1986 nilikuwa nikiuliza kwa mdomo, mlango umefungwa, nikiwa nimempa mgongo kidogo kama ninatafuta kitu kabatini, kwa sababu nilikumbuka kwamba mimi mwenyewe niliweza kusema nikiwa sionwi uso. Waliosema ndiyo niliwaandikia rufaa, nikawaambia habari ya ubavu na ya usukani, na waliokuwa na mume wa kuitwa, nilimwita. Kwenye kona ya kadi zao niliweka nukta moja nyeusi kwa kalamu, ili mara nyingine nisiwaulize upya mambo mazito.

Mwaka 2015 nilikabidhi kabati. Binti aliyekuja kuchukua nafasi yangu alizipekua kadi moja moja, kisha akainua uso. "Mama, shikamoo tena. Hizi nukta ni za nini? Kalamu yako inavuja?"

Nikamwambia afunge mlango.